Msako wa Jiografia kwa misimbo ya QR: wanafunzi 72, vishikwambi 6, intaneti ya kusuasua

mwl_wa_ilemela | Ijumaa, saa 2:40 usiku

Habari za jioni walimu wenzangu. Nafundisha Jiografia na Mazingira, Darasa la Sita, shule ya msingi ya serikali hapa Ilemela, Mwanza. Mada ya ramani na sura ya nchi nataka niifunge kwa mchezo badala ya jaribio la kuandika. Mchezo wenyewe ni msako: karatasi zenye misimbo ya QR zinabandikwa sehemu mbalimbali za shule, kundi linaskani, linasoma swali, na jibu ndilo linalowaambia waelekee wapi.

Hali yangu ni hii. Mkondo mmoja una watoto 72. Simu hawaruhusiwi kuja nazo shuleni. Tuna vile vishikwambi tulivyogawiwa walimu baada ya Sensa ya 2022; wenzangu watano wamekubali kuniazima vyao, na changu cha sita. Intaneti ni bando langu mwenyewe, na ikifika mchana mtandao unasuasua. Nina vipindi viwili vilivyofuatana, yaani dakika 80.

Nimejaribu kutengeneza misimbo kwenye tovuti moja ya bure. Inafanya kazi, ila ukiskani inataka mtandao kwanza, na kwa maandishi madogo wamesema muda wa majaribio ukiisha ni kulipia.

Naomba msaada kwa mambo matatu. Je, inawezekana bila intaneti kabisa? Watoto 72 niwagawe vipi? Na maswali yaweje ili isiwe mbio tu? Rasimu yangu ina maswali kama: mlima mrefu kuliko yote Afrika ni upi, makao makuu ya nchi yako wapi, ziwa kubwa kuliko yote Afrika ni lipi. Naona kuna kitu kinapungua.

---

mwl_ramani | Ijumaa, saa 4:05 usiku

Mwalimu, habari ya Ilemela. Niko ng'ambo ya pili ya ghuba, Sengerema, nafundisha somo hilohilo, na msako huu ndio kipindi ninachokipenda kuliko vyote mwaka mzima. Kwa hiyo nisamehe nikirefusha.

Nianze na intaneti maana ndiyo nyepesi. Msimbo wa QR si lazima uwe na anwani ya tovuti. Ni maandishi tu yaliyogeuzwa kuwa viboksi vyeusi na vyeupe. Ukiandika swali lenyewe ndani ya msimbo, kishikwambi kinalisoma pale pale, bando liwepo lisiwepo. Tovuti uliyotumia inakupa msimbo unaopitia kwenye kompyuta zao ndipo ufike kwenye swali lako, ndiyo maana wanaweza kuufunga wakitaka. Tafuta chaguo la maandishi matupu. Kama shule ina kompyuta yenye LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia, kuanzia toleo la 6.4 ina kitengenezaji cha QR ndani yake. Unatengeneza, unapachika kwenye ukurasa, unaprinti, na hakuna mtu anayekudai. Kabla ya kwenda steshenari weka kishikwambi kwenye hali ya ndege uskani kila karatasi. Ikisomeka hapo, itasomeka popote.

Swali liwe fupi. Maandishi yakiongezeka viboksi vinakuwa vidogo na kamera za vishikwambi vyetu zinahangaika. Mimi sizidishi sentensi tatu. Acha nafasi nyeupe kuzunguka msimbo, usiikate kwa mkasi ukitaka karatasi ipendeze, maana bila ile nafasi kamera haioni msimbo unaanzia wapi. Ukiulizwa kiwango cha kurekebisha makosa, chagua cha kati: msimbo utasomeka hata ukichafuka kidogo kwa vumbi au vidole. Na ukizitia plastiki, zibandike kivulini, kwa sababu plastiki inayong'aa juani inaificha picha yote.

Sasa maswali, ambayo ndiyo hasa yamenikalisha hapa. Swali la mlima mrefu kuliko yote mtoto analijibu akiwa amekaa kwenye dawati. Sasa umemtoa nje kwa nini? Kanuni yangu ni moja: kila msimbo ubandikwe kando ya kitu chenye jibu, na jibu lisipatikane mpaka mtoto akiangalie, akiguse au akipime kitu hicho. Wewe uko Mwanza, Mwalimu. Una ziwa, una miamba, una jua linalopita utosini mara mbili kwa mwaka. Kitabu kizima kimemwagwa uwanjani.

Mlingoti wa bendera, kwa mfano. Msimbo wangu wa pale unasema hivi: "Simama nyuma ya mlingoti, utazame kinakoelekea kivuli. Sasa ni asubuhi. Huko ni upande gani? Magharibi: nenda kwenye mwembe. Mashariki: nenda jikoni." Jikoni kuna karatasi ya fremu nyekundu, nayo ina msimbo unaomwambia: "Asubuhi jua liko upande gani? Kivuli huenda upande wa pili. Rudi mlingotini." Jibu lisilo sahihi nalo lina kituo chake na lina somo lake, hakuna kundi linalogonga ukuta. Ukipata nafasi ya kuwarudisha mlingotini mchana, afadhali. Mwezi Juni jua linapita kaskazini mwetu, kivuli cha mchana kinaelekea kusini. Desemba kinaelekea kaskazini. Jua linakuwa utosini hasa katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, kivuli kinakwisha kabisa chini ya mlingoti. Mtoto aliyekiona kivuli hicho kikipotea hatakusumbua tena kwenye mada ya mwendo wa jua la utosini.

Mwamba. Sidhani kuna shule ya Ilemela isiyo na jiwe kubwa uwanjani au nyuma ya vyoo. Hiyo ni graniti, umri wake ni zaidi ya miaka bilioni 2.5. Bandika msimbo uwaambie wapitishe mikono juu ya mwamba na watafute sehemu unapobanduka tabaka kwa tabaka, kama maganda ya kitunguu. Swali: vipande vilivyoanguka chini vina umbo gani, bapa au mviringo? Wakishajibu ndipo unawaambia sababu darasani: mchana mwamba unapata joto unatanuka, usiku unapoa unasinyaa, na juu ya hilo uzito wa ardhi iliyokuwa imeufunika umeondoka, hivyo unaachia tabaka kwa tabaka. Watoto wetu wamepanda mawe hayo tangu wajue kutembea bila mtu kuwaambia wanachokanyaga.

Simtanki la maji ya mvua. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Wape urefu na upana wa paa, au bora wapime wenyewe kwa futi kamba chini ya ukuta. Paa la mita 20 kwa 8 ni mita za mraba 160. Ikinyesha mvua ya milimita 10 yanaingia maji lita 1,600, kama mifereji haivuji. Swali: simtanki la lita 2,000 litajaa? Hapo mvua imekuwa kitu cha kupima.

Skeli ya ramani. Chora ramani rahisi ya Ghuba ya Mwanza ukutani, uweke Kigongo na Busisi. Daraja la J.P. Magufuli lililofunguliwa 2025 lina urefu wa kama kilomita 3. Kwenye ramani ya skeli ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1. Daraja litakuwa sentimita ngapi? Jibu 6: nenda maktaba. Jibu 1.5: nenda stoo, kuna karatasi ya fremu nyekundu inayosema "Umegawanya kwa 2. Ulitakiwa kufanya nini?" Jibu hilo la 1.5 nimeliweka makusudi kwa sababu ndilo wanalolipata wakiharakisha. Unapotunga majibu yasiyo sahihi usitoe kichwani; chukua madaftari uone wanapokosea kila siku, hapohapo ndipo uweke njia.

Na cha mwisho, kituo changu cha dirishani. Nunua kamba ya katani, kata vipande vitatu: sentimita 8, sentimita 70, na sentimita 147. Vifunge kwenye nondo ya dirisha vining'inie, uviite A, B na C. Msimbo unasema: "Kila sentimita 1 ni mita 10 za kina cha maji. Kamba moja ni Ziwa Tanganyika, moja Nyasa, moja Victoria. Ziwa unaloliona ukiwa getini ni kamba ipi?" Mwalimu, kaa karibu na dirisha hilo. Watoto wa huku wamezaliwa na ziwa hili, baba zao wanavua humo, kwao hakuna maji makubwa zaidi. Wanaikimbilia kamba ndefu, ile inayomfika mtoto wa umri wao karibu na utosi. Halafu kundi linaanza kubishana lenyewe, kuna mmoja atakumbuka kitu, mwingine atashika kile kipande cha sentimita 8, kifupi kuliko kiganja na vidole vyake, atakigeuzageuza hataki kuamini. Lakini ndivyo ilivyo. Victoria, kubwa kuliko yote Afrika kwa eneo, ina kina cha kama mita 80 tu inapozidi sana. Tanganyika inafika mita 1,470, ya pili duniani baada ya Baikal ya Urusi. Tanganyika imejaza ufa, ardhi ilipasuka ikadidimia. Victoria imekaa kwenye bonde la kina kifupi katikati ya mikono miwili ya Bonde la Ufa. Hapo umefundisha tofauti ya ukubwa na kina bila kuandika neno ubaoni.

Kugawa darasa: usitoe 72 kwa pamoja. Watoe 36 nje, makundi 6 ya watoto 6. Waliobaki 36 ndani wanachora ramani ya eneo la shule wakiwa na mwalimu mwenzako, kisha mnabadilishana baada ya dakika 35. Kila kundi lianzie kituo chake na wote wazunguke kwa mwelekeo mmoja, ndipo hakuna foleni. Kwenye kundi mpe kila mtoto kazi: mshika kishikwambi, msomaji kwa sauti, mpima, mwenye dira, mwandishi, na msemaji. Kwenye kila kituo kazi zinahama, maana usipofanya hivyo mtoto mmoja atashika kishikwambi mwanzo mpaka mwisho na wengine watakuwa wasindikizaji. Andika majibu kwenye karatasi pia. Betri ikiisha, karatasi haizimiki.

---

bi_somo_unguja | Jumamosi, saa 12:50 asubuhi

Assalaam aleykum walimu. Mwl_ramani, Mungu akulipe kheri, hizo kamba nazitengeneza wiki hii hii.

Naongeza swali moja la longitudo, watoto wetu wanalipenda kwa sababu wanaliishi. Mwezi wa Ramadhani sisi Unguja tunafuturu, tunamaliza kula, ndugu zetu wa Mwanza bado wanangoja adhana. Waulize kwa nini. Dunia inazunguka nyuzi 15 kwa saa, yaani nyuzi 1 kwa dakika 4. Unguja iko kwenye longitudo 39 na kitu, Mwanza karibu 33. Tofauti nyuzi 6 na kidogo, sawa na kama dakika 25. Inaongezeka na kupungua kidogo kulingana na mwezi, lakini hesabu inakaa. Saa zetu za ukutani ni moja nchi nzima, jua halizifuati. Kituo chake kiwe kwenye ratiba ya swala msikitini kama uko jirani na shule, au ubandike ratiba mbili ukutani, ya miji miwili, wazilinganishe wenyewe.

---

mzee_wa_atlasi | Jumamosi, saa 3:15 asubuhi

Walimu wangu, mimi nimestaafu, niko Bukoba, nimefundisha Jiografia tangu enzi za kuchora ramani kwa chaki za rangi. Nimesoma kwa furaha kubwa. Nina maneno mawili.

La kwanza ni swali kwa Mwl_ramani. Watoto wakirudi darasani wanakumbuka nini, kamba au kishikwambi? Nimeona wakaguzi wakisifia mitambo na mtoto hajui kaskazini iko wapi. Na mtoto anayetembea kwa shida, au asiyeona vizuri, kwenye mbio hizi mnamweka wapi?

La pili ni mchango. Kila shule ina ramani ya zamani ya Tanzania iliyochakaa ukutani au imeviringishwa juu ya kabati la mwalimu mkuu. Msiitupe, ifanyeni kituo. Leo tuna mikoa 31, Bara 26 na Zanzibar 5. Ramani iliyochapwa kabla ya 2012 haina Geita, Simiyu, Katavi wala Njombe, na Songwe imezaliwa 2016 kutoka Mbeya. Waambieni watafute mikoa iliyokosekana, na kila mmoja waseme umekatwa upande gani wa nchi. Mtoto wa Mwanza aone kwamba sehemu ya Geita ya leo ilikuwa mkoa wake. Ndipo ajue kwamba ramani ina tarehe, na kabla ya kuiamini unaangalia imechapwa mwaka gani.

---

mwl_ramani | Jumamosi, saa 5:30 asubuhi

Shikamoo Mwalimu. Hayo umeuliza ni ya msingi.

Kipindi kinachofuata sikiachi kipite. Nawaita mbele bila kishikwambi chochote, nawapa kamba tatu mkononi, nawaambia wamweleze mtoto wa Darasa la Nne. Anayeweza kueleza kwa nini kamba yetu ni fupi, huyo amejifunza. Asiyeweza, narudi naye dirishani. Karatasi za majibu nazisahihisha kama zoezi lolote, na zinaingia kwenye kumbukumbu za maendeleo ya mwanafunzi.

Kuhusu mbio: sitoi zawadi kwa kundi la kwanza kufika. Alama ni za majibu na sababu, na nimewaambia kundi linaloacha mwenzake nyuma halipokelewi kituoni. Vituo vyote vya watoto wenye shida ya kutembea naviweka upande wa veranda; kundi lao linajibu maswali yaleyale, kwa mpangilio mwingine. Msomaji kwa sauti yuko pale kwa ajili ya asiyeona vizuri, na kamba na mwamba ni vya kushika. Darasa langu lina msichana mwenye uoni hafifu. Kamba ya katani aliipima kwa vidole na akawa wa kwanza kusema ni A.

Ramani ya zamani naichukua, Mwalimu. Asante sana.

---

mwalimu_nakuru | Jumamosi, saa 7:20 mchana

Hamjambo walimu wa Tanzania. Niko Nakuru, Kenya, nafunza Gredi ya 6. Sisi tuko kusini kidogo tu mwa Ikweta, na kreta ya Menengai iko juu ya mji, kwa hivyo kituo chetu cha kwanza ni kutazama mlima kutoka uwanjani na kuamua: huu ni mlima au ni shimo lenye kingo?

Ningependa kuonya kuhusu swali moja. Kwenye vibao vya Ikweta, kwa mfano pale Nanyuki, wageni huonyeshwa maji yakizunguka upande mmoja hatua chache kaskazini na upande mwingine hatua chache kusini. Watoto wakienda ziara wanarudi nalo wakiliamini. Mzunguko wa dunia unageuza pepo na mikondo ya bahari, mambo ya mamia ya kilomita; kwenye beseni, na tena karibu na Ikweta ambako nguvu hiyo ni hafifu kabisa, maji yanafuata jinsi yalivyomiminwa. Msiliweke kwenye msimbo kama ukweli. Mimi nililigeuza kuwa kituo: beseni lenye tundu, maji, na maagizo ya kumimina kwanza kutoka kushoto, kisha kutoka kulia, waandike wanachoona. Wanagundua wenyewe nani anayezungusha maji.

Jambo lingine dogo: misimbo ya kulipia madukani watoto wanaijua, huko kwenu nasikia iko kwenye Lipa Namba. Waambieni mapema kwamba msimbo ni mlango tu, na mtu mbaya anaweza kubandika wake juu ya ule wa duka. Kabla ya kubonyeza, soma kilichoandikwa. Ni somo la dakika mbili na litawafaa maisha yao yote.

---

mwl_wa_ilemela | Jumapili, saa 1:10 jioni

Walimu, nimesoma yote na kuyaandika kwenye andalio la somo. Shikamoo Mzee wa Bukoba, na asanteni dada zangu wa Sengerema na Unguja, na kaka wa Nakuru.

Leo mchana nimeenda shuleni nikazunguka na futi kamba. Nyuma ya Darasa la Tatu upo mwamba, na kweli upande wa magharibi unabanduka. Nimeokota vipande, vyote bapa. Paa la madarasa mawili yanayoingiza maji kwenye simtanki ni mita 18 kwa 7.5, kwa hiyo swali langu litakuwa la mita za mraba 135. Ramani ya zamani nimeipata ofisini kwa mwalimu mkuu. Haina Geita wala Simiyu, na imepasuka pale Kigoma, nitaigundisha kwa nyuma.

Misimbo 6 ya maswali na 6 ya fremu nyekundu iko tayari, nimeijaribu kwenye hali ya ndege na yote imesomeka, isipokuwa wa simtanki ambao swali lake lilikuwa refu. Nimelipunguza hadi sentensi mbili. Swali la adhana nimeliweka badala ya lile la makao makuu. Msikiti uko mkabala na geti letu, imamu amekubali watoto waje kusoma ratiba ubaoni mwake.

Mwl_ramani, nimebakiwa na jambo moja. Ukikata kamba, unahesabu na fundo au fundo ni la ziada? Kwenye kipande cha sentimita 8 fundo peke yake linakula karibu nusu.

---

mwl_ramani | Jumapili, saa 1:45 jioni

Fundo ni la ziada. Kata sentimita 15, funga, kisha pima 8 kuanzia chini ya fundo uikate hapo. Fanya hivyo kwa zote tatu, na uzikate asubuhi ya kipindi chenyewe, maana katani ikilala nje usiku inanyonya unyevu na urefu wake unabadilika.